Kwa mafundi cherehani wote: hiyo "njoo kesho" inatoka wapi?

Wanangu mafundi, wa vibarazani, wa kwenye fremu, na nyie mnaoshonea sebuleni huku watoto wanawavuta uzi, marahaba, najua mngeniamkia.

Nawaandikia kwa sababu nimechoka kusikia fundi anaitwa mwongo na mvivu kila anapomwambia mteja "njoo kesho". Panda daladala yoyote, mtu mmoja akianza kumlalamikia fundi wake gari zima linaitikia, kila mtu anaye wake, kitambaa kilipelekwa kabla ya mfungo, Idd zote mbili zimepita, simu haipokelewi. Uongo siwatetei, mnadanganya, tusifichane. Lakini uvivu nabisha. Mvivu hakeshi jamani. Nyie siku 3 kabla ya sikukuu mko kwenye cherehani mpaka adhana ya alfajiri, macho mekundu, miguu imevimba, mtu mvivu kazi hiyo aiwezee wapi? Kwa iyo kuna kitu kingine, na hakuna anayetufundisha maana tunafundishwa kupima na kukata na kutia zipu, habari za moyo wa fundi hazimo.

Hebu angalia chini ya meza yako saivi. Kuna mfuko. Kila fundi anao huo mfuko, na siyo mfuko wowote tu, sare za shule hazikai hapo, suruali ya kupunguza urefu unaimaliza mteja akiwa kasimama. Ule mfuko una lesi ya bei mbaya, na mwenyewe kakutumia na picha ya gauni alilolitoa mtandaoni, mgongo wazi, mikono ya puto, mkia unaburuta. Sasa jiangalie siku unayoufungua. Unaitandaza lesi mezani, unainyoosha na kiganja, unachukua chaki, unashika mkasi, afu ghafla unakumbuka kuna bukta ya mtu inataka lastiki. Unaikunja lesi taratibuuu, unairudisha mfukoni, "nitaikata kesho asubuhi akili ikiwa imetulia".

Hapo kati ya kushika mkasi na kukumbuka lastiki ndo pana mambo yote. Ulichokisikia pale ni hofu. Kitambaa kikishakatwa hakirudi, ukikosea sentimita mbili kifuani utalipa, utalipa na nini, na yule mama ana mdomo. Ukiikunja tu, hofu inaondoka, unavuta pumzi, unashona lastiki yako unaimba. Hiyo nafuu ndo inayotumaliza, maana mwili umeshajifunza kwamba kukunja kunaleta raha, na kesho ukiitandaza hofu imekuwa kubwa zaidi sababu sasa na siku zimepungua.

Nilimsimulia mjukuu wangu anayesoma saikolojia chuo akaniambia bibi hayo yameandikwa zamani. Akanitajia watafiti wawili, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, walioeleza mwaka 2013 kwamba mtu anayeahirisha mara nyingi anatafuta kuutuliza moyo wake sasa hivi, na gharama anamwachia yule atakayekuwa yeye kesho. Nikasema ehee! Ndo maana daftari la oda mlilonunua halijawasaidia kitu. Daftari linajua tarehe, halijui kama unaiogopa lesi.

Ila msije mkadhani kila mfuko uko chini ya meza kwa hofu hiyo moja. Kuna mfuko wa hasira. Huu ni ule wa shemeji, au jirani, au shoga wa dada yako, aliyekubembeleza bei mpaka ukaona haya, kianzio hajatoa, na ukasema "haya lete". Mdomo ulikubali, moyo ulikataa, na sasa mikono inamsikiliza moyo. Kila ukitaka kuanza unapata kazi nyingine. Wewe mwenyewe unajishangaa kwa nini gauni rahisi hivi halitoki, mbona halina hata kola. Halitoki kwa sababu umenuna mwanangu, na hutaki kukiri umenuna maana ni ndugu.

Na kuna mfuko wa aibu, huu ndo mbaya kuliko yote. Ulimwambia Jumamosi, haikuwa. Ukamwambia Jumanne. Sasa kile kitambaa siyo kitambaa tena, ukikiona unaiona sura yake, kwa iyo unakisogeza nyuma zaidi, unaweka vipande juu yake, simu yake ukiiona unaigeuza kioo chini, mtaa wake unauzunguka kama mtu mwenye deni la dukani. Kazi yenyewe ni ya saa 3, imekaa miezi. Watu wanafikiri unamdharau mteja kumbe unamuogopa.

Sasa nyie mafundi wenye majina, mnaojazana oda za sendoff, msicheke wenzenu, na nyie mnao wenu. Nyie mnaacha makusudi mpaka usiku wa mwisho. Mtakataa lakini sikilizeni. Mwaka 1978 kule Marekani, Edward Jones na mwenzake Steven Berglas waliwapa wanafunzi maswali, wengine wakapewa maswali yasiyo na majibu kabisa, afu wakaambiwa mmefanya vizuri sana. Yaani mtu anasifiwa na hajui amefanya nini. Kabla ya mtihani wa pili wakaambiwa wachague dawa, moja inasaidia akili ifanye kazi, nyingine inaivuruga. Wale waliosifiwa kwa bahati ndo walioielekea zaidi ile ya kuvuruga, hasa wanaume (nanukuu tu, msinune). Kwa nini? Wakifeli watasema ilikuwa dawa. Na fundi mwenye jina akishona usiku mmoja kabla ya harusi, gauni likikaa vibaya begani atasema haraka ile, ningekuwa na muda mngeona. Jina linabaki salama. Anayeumia ni bibi harusi anayetembea kajishika bega ukumbi mzima ili lisidondoke, na video inachukuliwa.

Haya, tufanyeje. Mimi siwapi sheria, nawaambia ninavyowaambia wanaokaa na mimi hapa kibarazani.

Toa ile mifuko yote leo, itandaze, na kwa kila mmoja ujiulize huu upo hapa kwa sababu gani, naogopa, nimenuna, au naona aibu? Jibu kimoyomoyo, hakuna anayekusikia. Dawa zake hazifanani, ndo maana lazima ujue.

Wa hofu, usianze na lesi. Chukua kitambaa cha marekani au shuka kuukuu ukate hilo gauni humo kwanza, uliunge kwa mkono, mvalishe mtu wa saizi hiyo. Saa moja na nusu unapoteza, lakini mkasi ukirudi kwenye lesi mkono hautetemeki. Na ukiona hata hilo zito basi siku ya kwanza chora na chaki tu, usikate, chaki inafutika. Afu kuchagua saa, msiseme "kesho asubuhi", hiyo siyo saa. Sema "nikishafungua mlango nikafagia, kabla sijawasha redio, nakata lesi ya mama fulani". Kitendo kimeshikana na kitendo. Profesa mmoja Mjerumani, Peter Gollwitzer, alijaribu na wanafunzi waliotakiwa kuandika walivyoutumia mkesha wa Krismasi, waandike ndani ya siku 2 sikukuu ikiwa bado mbichi. Waliotaja mapema wataandikia wapi na saa ngapi, zaidi ya theluthi mbili waliandika, wasiotaja ni kama theluthi moja tu. Nia wote walikuwa nayo.

Wa hasira, piga simu useme bei. "Shemeji, hii kazi nilikubali vibaya, bei yake ni hii, ukiona kubwa kitambaa chako kipo salama njoo ukichukue." Atanuna wiki mbili. Afadhali anune yeye akiwa na kitambaa chake kuliko mnune wote wawili na kitambaa kinaliwa na panya.

Wa aibu, hapa nitakaa kidogo. Mnafikiri mkijilaani sana mtajirekebisha, unakaa unajiambia mimi mshenzi, mimi sifai, fundi gani mimi. Haisaidii, inaongeza. Ule mfuko unakuwa na aibu mara mbili. Huko Kanada, chuo cha Carleton, walifuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliochelewa kusomea mtihani, utafiti ulitoka 2010, wale waliojisamehe kwa kuchelewa ndo waliopunguza kuahirisha kwenye mtihani uliofuata. Kujisamehe siyo kujidekeza, ni kuondoa ile sura kwenye kitambaa ili ukione kitambaa. Afu umpigie wewe kabla hajakupigia yeye, maneno machache tu, "dada, gauni lako sijalishona, nimekosa, nalianza leo, Alhamisi jioni nakupigia uje kulijaribu". Usitaje umeme, usitaje msiba. Jamani misiba! Kuna mafundi wameshazika wajomba ambao hawajawahi kuzaliwa.

Na kuhusu tarehe. Hata fundi mkweli anakosea hapa, maana akipewa kazi anaiona ikienda sawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mwaka 1994 walitoa utafiti wa wanafunzi wa Kanada waliokuwa wanamalizia tasnifu, waliulizwa mtamaliza lini, wastani ukawa siku 34. Wakaulizwa na kila kitu kikienda vibaya kabisa? Siku kama 49. Walimaliza kwa siku 55! Yaani hata wakiwaza mabaya hawakufika. Kwa iyo mteja akikuuliza lini, usiangalie gauni lake, kumbuka gauni la mwisho la namna hiyo lilichukua siku ngapi, na umeme kukatika na mtoto kuugua na sindano kuvunjika Jumapili duka limefungwa, taja hiyo. Akienda kwa mwingine aende.

Mwisho kuna neno la wateja, najua mnasoma pia maana mnapenda kusikia mafundi tukisemwa. Na nyie mnadanganya. Harusi ni tarehe 28 mnasema ni tarehe 14 ili fundi awahi, fundi naye kashajua mnadanganya kwa iyo tarehe 14 haihesabu, na yule mmoja aliyesema kweli ndo anayeumia. Lete kitambaa mapema, toa kianzio, taja siku ya kweli. Na siku fundi akikupigia mwenyewe kukwambia hajamaliza, usimtukane siku hiyo, mtukane akishakupa gauni. Akitukanwa siku aliyosema ukweli, safari nyingine simu haitapigwa.