Barua pepe ya tapeli msiisambaze nusunusu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Tandahimba. Msimu uliopita, minada ikiwa imeshaanza, tulipata barua pepe yenye jina la muuzaji wetu wa magunia: eti kabadilisha akaunti ya benki, tulipe kwenye mpya. Nembo yake ilikuwepo, hata salamu zake za "habari za Kusini". Bahati mwenyekiti alisema tumpigie kwanza. Mwenyewe hakuwa na habari.

Nikaisambaza barua kwa mtaalamu wa kompyuta wa benki yetu, kisha nikaifuta, na kapu la taka nikalimwaga, uchafu usikae ofisini. Kesho yake akajibu: "Dada, hii imetoka kwako." Kweli, nilimtumia maneno matupu. Ukimimina korosho kwenye gunia jingine, alama ya chama inabaki kwenye gunia la kwanza. Mimi la kwanza nilishalichoma.

Jina linaloonekana juu ya barua pepe mtu yeyote anaweza kuliandika. Kanuni za kusafirisha barua hizi, za mwaka 1982, hazikuweka namna ya kumhakiki mtumaji; ukaguzi wa SPF na DKIM, njia mbili za kusaidia kuhakiki barua imetoka wapi, ulikuja baadaye sana. Wapelelezi wanataka kichwa kamili, ile mistari mirefu tusiyoonyeshwa. Kila seva, yaani kompyuta ya kupitishia barua, inapoipokea huongeza mstari wake juu, hivyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu (ya chini kabisa tapeli anaweza kuibuni, msiiamini sana).

Kwa wenye Gmail, fungueni kwenye kompyuta. Kwenye programu ya simu nilitafuta mpaka macho yakauma. Bonyeza nukta tatu pembeni ya barua, chagua kuonyesha ujumbe asilia, pakua faili, litume. Au isambaze kama kiambatisho.

Wanaotuendeshea semina wanatufundisha mizani na stakabadhi ghalani kila mwaka. Hili nalo linahitaji nusu saa tu, tena kabla ya msimu, si katikati ya foleni ya wakulima wanaodai malipo.

Mwezi wa pili ilikuja nyingine, jina lilelile. Hiyo niliituma nzima. Mtaalamu akanionyesha kwamba jibu letu lingekwenda anwani nyingine kabisa, inayotofautiana na ya muuzaji kwa herufi moja. Sijaifuta mpaka leo.

Karani wa chama cha msingi,
Tandahimba, Mtwara