Barua kwa Mwanangu Kuhusu Visiwa Vilivyomezwa na Bahari

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Salamu za nyumbani zikufikie. Sote hatujambo, na bibi yako hakuachi katika dua zake. Uliniuliza kama si aibu kwa mwanafunzi wa jiolojia kuyatia katika utafiti wake masimulizi ya wazee kuhusu visiwa vilivyozama, kwa kuwa wenzako wanasema hizo ni ngano za kuwalaza watoto. Nimelitafakari swali lako, nami nalijibu kwa kuanza na kisiwa nilichokikanyaga kwa miguu yangu.

Nilipokuwa mtoto, Maziwe ya Pangani ilikuwa na mivinje mirefu ambayo wavuvi waliiona kutoka mbali kabla hawajauona mchanga wake, na kasa walipanda huko kutaga kwa wingi. Mwaka 1975 serikali ilikitangaza kisiwa hicho kuwa hifadhi. Hata hivyo, miti iliendelea kupungua, na mchanga usio na mizizi ya kuushika hauwezi kustahimili mawimbi ya kusi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilichobaki kilikuwa fungu tupu la mchanga ambalo maji ya bamvua hulifunika lote. Kasa hawajaacha kurudi, jambo ambalo hunihuzunisha kila nikilikumbuka, kwa maana mayai yao husalimika pale tu watunzaji wanapoyahamishia pwani ya bara kabla maji hayajayafikia.

Mambo hayo yalitukia mbele ya macho ya watu ambao wangali hai, ilhali masimulizi yake yamekwisha kugawanyika. Marehemu babu yako alilaumu shoka. Jirani yake alisema bahari imepanda. Na yuko mzee wa Pangani aliyeshikilia mpaka kufa kwake kwamba kuna mwiko uliovunjwa. Wote watatu walipingana kuhusu sababu, lakini hakuna aliyekana kwamba kisiwa kilikuwapo na kwamba kilikuwa na miti. Hapo ndipo ningependa uweke jicho lako: sababu hubadilika upesi mdomoni mwa watu, bali mahali na tukio hudumu.

Hata mbali na kwetu ni hivyo hivyo. Wazee wa Tongoa na Epi, visiwa vya nchi ya Vanuatu katika Bahari ya Pasifiki, walirithishana habari kwamba visiwa vyao vilikuwa nchi moja iitwayo Kuwae, ambayo ilipasuliwa na kisasi cha kijana aliyevunjiwa heshima. Mwanaakiolojia Mfaransa José Garanger alipochimba huko katika miaka ya 1960, aliyachukua masimulizi hayo kwa uzito na kuyapima kwa majivu ya volkano na makaburi ya kale, na baadaye shimo kubwa la volkano likatambuliwa chini ya bahari kati ya visiwa hivyo. Wataalamu wanaendelea kubishana kuhusu ukubwa wa mlipuko huo wa karne ya 15, lakini wanaobishana hawasemi kwamba wazee waliota. Katika Visiwa vya Solomon pia husimuliwa habari za Teonimanu, kisiwa kilichozamishwa kwa laana ya mume aliyenyang'anywa mke, nacho kikaondoka kwa mawimbi makubwa. Mwanajiolojia Patrick Nunn, aliyekusanya habari za namna hiyo kwa miaka mingi, anaona katika mawimbi hayo kumbukumbu ya tetemeko na maporomoko ya ardhi kwenye mteremko mkali wa chini ya bahari.

Wala usikimbilie kuamini kila unachosimuliwa. Visiwa vidogo vya kwetu ni vya matumbawe na mchanga, basi ukisikia kisiwa cha Tanga kilizama kwa moto, uwe na shaka. Ukisikia kililiwa upande mmoja mwaka hadi mwaka, kaa chini uandike. Uliza kwanza mwamba uliopo unaweza kufanya nini, kisha ndipo uulize msimulizi alirithi habari kwa nani.

Njoo likizo ya Desemba, kaskazi ikiwa imeanza na bahari imetulia. Tutashuka Pangani, tutafute mashua, tufike Maziwe maji yakiwa yamekupwa. Nitakuonyesha, kwa kadiri ninavyokumbuka, upande iliposimama mivinje, nawe uje na kamba ya kupimia na daftari. Bibi yako naye ana lake la kusema kuhusu kisiwa hicho, na hajaliandikisha kwa mtu.

Mimi mzazi wako akupendaye,
Baba