Malalamiko Kuhusu Mwanga na Uhariri wa Picha za Wafanyakazi Wetu

Ofisi ya Utawala,
Chumbageni,
Tanga.

Meneja,
Studio ya Picha,
Ngamiani,
Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: PICHA ZA SURA ZISIZOKIDHI MAKUBALIANO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha iliwapa kazi ya kupiga picha za sura za wafanyakazi wake kwa ajili ya vitambulisho, tovuti na nyaraka za zabuni. Makubaliano tuliyotia saini yalitaka mwanga laini, rangi halisi ya ngozi na uhariri usiobadilisha sura ya mtu. Picha mlizoleta hazikutimiza hata moja kati ya hayo, na mhariri wenu alipopigiwa simu alijibu kwamba angezipitia tena kwenye kompyuta. Jibu hilo hatulikubali, kwa sababu kasoro hizi zilianza kabla picha hazijafika kwenye kompyuta.

Wanaume wengi wa ofisi yetu walikuja na kanzu nyeupe na kofia, nanyi mkawasimamisha mbele ya pazia jeupe huku kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe. Kipimo cha mwanga cha kamera hukadiria kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, kina ung'avu wa kijivu cha kati, kile ambacho wapigapicha hukiita kijivu cha asilimia 18. Kinapokutana na weupe uliojaa fremu nzima, hupunguza mwanga ili weupe huo ushuke, na uso mweusi ulioko katikati huzama gizani. Mpigapicha anayejua kazi yake huupima uso wenyewe, au huongeza mwanga kwa makusudi na kukubali pazia lipauke. Wenu hakufanya hivyo.

Mhariri naye, alipoziona nyuso zimekuwa nyeusi ti, alizing'arisha kwa nguvu. Kwa kuwa mlihifadhi picha kwa JPEG, aina ya faili ya picha iliyobanwa, ambayo hubeba ngazi 256 tu za ung'avu kwa kila rangi, ilhali faili ghafi ya biti 14, yaani data ya kamera kabla haijachakatwa, hubeba 16,384, kwenye vivuli hapakuwa na cha kung'arishwa, na ngozi ikatoka na chembechembe na rangi ya majivu. Ili kuficha chembechembe akailainisha ngozi mpaka vinyweleo vikapotea, na ili kuficha umajivu akaipausha. Hivyo ndivyo mlinzi wetu wa ghala, ambaye ni mweusi wa kung'aa, alivyorudishwa kwetu akiwa maji ya kunde, na kitambulisho chake kikatiliwa shaka getini.

Yapo mambo ambayo mhariri ana haki ya kuyaondoa bila kuuliza: chunusi ya juzi, uzi ulionasa kwenye mtandio, jasho la puani. Kovu la utotoni, baka la kuzaliwa na mikunjo ya macho ni mali ya mwenye uso, na havifutwi bila idhini yake. Karani wetu wa nyaraka amefutiwa kovu lililo juu ya nyusi, na mhasibu wetu amezibwa mwanya. Sijui ni nani aliyemwambia kijana wenu, hapa pwani, kwamba mwanya ni kasoro.

Kwa upande wa wanawake, waliovaa mtandio mweusi walipigwa mbele ya pazia jeusi, na kichwa kikapotelea ndani ya pazia. Taa moja ndogo nyuma ya bega ingetosha kuuchora ukingo. Baadhi yao walipigwa huku balbu ya njano ya dukani ikiwaka pamoja na fleshi. Fleshi ina joto la rangi, yaani kipimo cha umanjano au ubuluu wa mwanga, la takribani kelvini 5,500 na balbu ya namna hiyo huwa kati ya 2,700 na 3,000, kwa hiyo shavu moja limeelekea ubuluu na jingine uchungwa, na kila mnaporekebisha moja mnaharibu la pili.

Msaidizi wenu alisema pia kwamba kamera haipendi watu weusi. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi ya karne iliyopita kampuni ya Kodak ilisambaza kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, na watu weusi wakaumia kwa hilo. Lakini mpigapicha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa jua, na nyuso zake zinaonekana vizuri mpaka leo. Mwenye kamera ya kidijitali hana sababu ya kushindwa.

Tunataka picha zote zipigwe upya bila malipo ya ziada. Taa kuu iwe mwavuli mweupe mkubwa au softiboksi (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga), ikae karibu na mhusika, pembeni kwa takribani nyuzi 45 na juu kidogo ya macho. Ubao mweupe uwekwe upande wa pili ili kivuli kisikolee. Fleshi ya juu ya kamera isitumike, kwa kuwa ni chanzo kidogo cha mwanga na kwenye ngozi yenye jasho, katika joto letu la Tanga, huacha mng'ao kama wa bati. Fremu ya kwanza iwe na kadi ya kijivu ya kusawazishia rangi, faili zihifadhiwe zikiwa ghafi, na kila mfanyakazi aione picha yake na kuikubali kabla haijachapishwa.

Kazi hiyo isipokamilika ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, tutadai kurejeshewa malipo ya awali, na ikibidi tutapeleka shauri letu Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Salio tumelizuia mpaka hapo.

Tafadhali tupatieni tarehe kwa maandishi. Iwe asubuhi ya siku ya kazi, isiwe Ijumaa.

Wako mwaminifu,

Ofisa Utawala

Nakala: Mhasibu