Deni lako kwa Mangi

Majengo, Moshi
Jumapili jioni

Mtani wangu,

Natumaini hujambo. Mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Unaona bado naikumbuka, kwa jinsi tulivyochapwa darasa la sita kwa ajili ya sentensi hiyo. Basi, dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba unadaiwa.

Usicheke kwanza. Kwa Mangi, baa yetu ile, pamevunjwa. Nyumba imebaki, ila kaunta wameing'oa, na uani alikokuwa mama yake Dada Mkubwa anauza mbege wamemwaga zege. Fundi anasema litakuwa duka la vipodozi, vioo mpaka chini. Ningekupigia simu, lakini wewe simu unaongea huku unagombana na makuli, na jambo hili si la kupigiana kelele.

Jumanne nilimkuta Dada Mkubwa anatoa mapipa ya mama yake. Moja lilikuwa bado na ulezi mkavu umegandia ukingoni. Nikainama nikanusa, nikaona kabisa zile ndizi zilizoiva zinachemka usiku, na mama anamsema muuza ulezi wa Mbuyuni kwamba kimea chake hakikuota vizuri. Gome la msesewe hakumwachia mtu alipime, alisema uchungu ukizidi wateja wanahamia kilabu cha jirani. Dada akaniangalia navyonusa pipa mchana kweupe, akatikisa kichwa, akanipa kaunta buku mbili zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. "Shika, haya ni mambo yenu. Kwangu siyataki."

Madaftari ya madeni, mtani! Mangi alikuwa haandiki jina la mtu. Kuna Konda wa Marangu, kuna Mwalimu Hesabu (deni lake amelijumlisha mwenyewe pembeni, na amekosea), kuna Kisusio, yule uliyekuwa unamkimbia. Bia moja kijiti kimoja, kwa kalamu ya risasi, vinne vimesimama na cha tano kimelazwa juu yao. Na kila ukurasa una safu mbili, bia upande huu na chupa tupu upande ule. Vijana ukiwaeleza hawakuamini kwamba kuna miaka bia ilikuwa ya mgao, kabla kampuni ya bia haijauzwa 1993, na huna chupa tupu hupati bia hata uwe na hela mkononi. Watu walikuwa wanakuja na chupa kwenye kikapu kama wanaenda kanisani na sadaka. Mangi aliendelea kuandika safu ya chupa miaka na miaka baada ya shida kuisha. Alisema hawaamini watu wa kampuni.

Alichokuja kushindwa ni viroba, vile vipakiti vya pombe kali. Mtu ananunua kimoja dukani, anakimaliza amesimama, deni la nini tena na kiti cha nini? Vilipopigwa marufuku 2017 tukajua watarudi. Wapi. Wakahamia vichupa vidogo, na Mangi mwenyewe magoti yalishakataa.

Sasa nisikilize. Mzee wangu ana ukurasa wake. Ameandikwa "Reli". Unakumbuka kiti chake, chini ya redio, hataki mtu aongee wakati wa matangazo ya vifo. Bia moja, ya moto, ya baridi ilikuwa inamuuma meno. (Treni ya abiria iliporudi 2019 nilimkumbuka sana. Siku hiyo angekunywa mbili.) Mimi nilijua mzee hakopi. Kumbe vijiti kumi na saba.

Siku ya mazishi, baba mdogo alipouliza kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze, nilikuwa namwangalia Mangi. Alikuwa ameshika kofia mbele ya tumbo, akaangalia udongo, kimya. Miaka yote hii najua alimsamehe mzee. Nilimfuata mpaka kaunta baada ya matanga kumshukuru, akakohoa, akasema, "Hayo yameisha," akaendelea kufuta meza. Nikaona unyenyekevu huo!

Vile vijiti kumi na saba vimekatwa kwa kalamu ya wino. Chini ameandika: "Imelipwa yote. Kijana wa Same." Tarehe ni ya siku moja kabla ya kuzika.

Nimegeuza daftari zima namtafuta kijana mwingine wa Same. Yupo mziba pancha, lakini yeye ameandikwa Pancha. Mwaka ule wewe ulikuwa unabeba magunia, na ulikuja mazishini na kandambili. Nakwambia ukweli, mbele ya wajomba zangu niliona aibu kusimama na wewe. Nilisogea. Sijui kama uliniona nikisogea.

Na kinachonichosha zaidi ni ukurasa wa pili kutoka mwisho. "Kijana wa Same", bia mbili, chupa tupu moja. Haujakatwa mpaka leo. Mpare na deni wapi na wapi? Unalipa kumi na saba za mtu mwingine, mbili za kwako unaziacha!

Mama yangu hajui bado. Nilianza kumsomea majina tukamcheka Kisusio, nilipofika kwa Reli nikafunga daftari nikasema macho yamechoka. Nimwambie? Au unataka ibaki hivyo hivyo? Ni wewe kweli, au nimejitungia? Hela ulitoa wapi? Mangi ndiye aliyekwambia habari za deni, au mzee mwenyewe? Kwa nini mwaka jana tumekaa pale stendi saa tatu nzima unanihadithia bei ya matairi tu? Desemba unapanda huku, au ndiyo utasema tena gari bovu? Zile bia mbili nimempa Dada Mkubwa hela yake, kakataa, nikamwachia juu ya pipa. Chupa je? Chupa tupu ya watu umeiweka wapi?

Mtani wako