Neema, ule mguu wako na viini vya misuli

Neema wangu,

Pole tena na mguu. Meseji yako niliisoma usiku nikaona hapana, hii siyo ya kujibu kwa mistari miwili, bora nikae nikuandikie vizuri, maana umegusa kitu ambacho kimenishika kweli tangu tuanze kuangalia misuli kwa hadubini. Unasema plasta imetolewa na paja limebaki jembamba unaogopa nyama imekufa. Haijakufa Neema, na sababu kubwa iko kwenye viini vya seli.

Unakumbuka tulivyokaririshwa shuleni, seli moja kiini kimoja, kiini ndo kinatunza DNA na kutoa nakala za jeni ili seli itengeneze protini zake. Sasa msuli wa paja haufuati hiyo. Kila uzi wa msuli ni seli moja, ila ni ndefu ajabu, nyingine zinafika sentimita kadhaa, na ndani ya uzi mmoja kuna viini mamia, hata maelfu! Siku ya kwanza nilivyoweka jicho kwenye lenzi nilidhani naona seli nyingi zimebanana kumbe ni moja. Na viini vyote viko pembeni, chini tu ya utando, kwa sababu katikati pamejaa aktini na myosini, zile protini zinazovutana msuli ukijikunja.

Vimetoka wapi vyote hivyo? Siyo kwamba kiini kimoja kiligawanyika mara elfu. Tangu tukiwa tumboni kwa mama, seli changa zinazoitwa mayoblasti, kila moja na kiini chake, zinajipanga na pale zinapogusana utando unafunguka zinamwagikiana zinakuwa kitu kimoja. Kiini kikishaingia humo hakigawanyiki tena, kazi yake inakuwa kuhudumia kipande chake cha uzi, maana kiini kimoja hakiwezi kulisha seli ndefu namna hiyo. Halafu vingine vina kazi ya pekee, pale neva inapogusa uzi utakuta viini vimejikusanya kikundi, vinashughulika na jeni za vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayobeba amri ya neva, na vipokezi hivyo ndo vinavyoipokea. DNA ni ileile ya jirani yake mikroni chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) pembeni, lakini hiki kimewasha jeni ambazo jirani kazizima. Hapo mimi huwa nasimama kidogo kila nikisoma.

Haya, mguu. Msuli usipotumika wiki nyingi protini zinavunjwa kuliko zinavyotengenezwa, uzi unakonda, ila uzi wenyewe upo. Mwaka 2010 watafiti wa Oslo walifuatilia misuli ya panya, wakaona msuli uliokuzwa kwa kazi unaongeza viini, na ukikonda baadaye vile viini vinabaki, vinasubiri. Kuna majaribio mengine ambayo viini vilipungua, hivyo wataalamu bado wanabishana, lakini kwamba mtu aliyewahi kuwa na nguvu anairudisha haraka kuliko anayeanza sifuri, hilo wengi wameliona, na wewe umecheza mpira miaka mingapi?

Tena una akiba. Alexander Mauro mwaka 1961, akiangalia msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni, aliona viseli vidogo vimebanwa kati ya utando wa uzi na ganda lake la nje, akaviita seli setilaiti. Ni seli shina za msuli. Zinalala tu, msuli ukichanika zinaamka, zinagawanyika, zinajiunga na uzi ulioumia na kuuletea viini vipya, na baadhi zinarudi kulala kungoja siku nyingine. Uzi unaojijenga upya viini vyake vinakaa katikati kwanza ndo baadaye vinasogea pembeni, kwa hiyo mtaalamu akikuta viini vya katikati vingi kwenye kipande cha msuli anajua hapa pana ukarabati, au pana ugonjwa.

Umeuliza pia mbona moyo wa mzee wako ulioumia haujirudishi hivyohivyo. Hili nimeliandika mara tatu nikifuta. Seli za moyo ni fupi, zina matawi, zimeshikana lakini hazikumwagikiana, kila moja ina kiini kimoja au viwili, katikati kabisa. Na moyo hauna seli setilaiti. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walitumia kaboni-14, kaboni yenye mionzi, iliyosambaa hewani enzi za majaribio ya mabomu ya nyuklia kupima umri wa DNA ndani ya viini vya seli za moyo, wakakuta kwenye miaka 25 zinabadilishwa kama asilimia 1 tu kwa mwaka, na kwenye miaka 75 haifiki hata nusu ya hiyo. Ndo maana sehemu iliyokosa damu ikafa inazibwa na kovu, na kovu halidundi. Kwa hiyo dawa za mzee kazi yake ni kulinda seli zilizobaki, tafadhali asiziache hata akijisikia mzima.

Misuli laini, ya utumbo na mishipa ya damu, kiini ni kimoja katikati, kirefu kama sigara, na seli ikijikunja kiini nacho kinajipinda kama skrubu, kizuri kukitazama! Hizi bado zinaweza kugawanyika, ndo zinavyosaidia mfuko wa uzazi kutanuka mimba ikikua.

Mtu wa fiziotherapia amekupangia mazoezi gani? Niandikie, na uanze polepole, na unipimie paja kwa futi ya fundi cherehani leo na baada ya mwezi uniambie limeongezeka sentimita ngapi. Mzee msalimie sana.

Wako,
Rehema