Kaka, Imondo Ile Niliila Mimi

Kaka yangu,

Mama ameniambia kwamba mguu umevimba tena, kwamba kidole gumba hakivumilii hata shuka, na kwamba juzi ulitoka kwa daktari ukapitia moja kwa moja kwenye nyama choma. Nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei.

Daktari hakukuonea. Jongo huja asidi ya yuriki inapozidi katika damu na kuganda viungoni mithili ya sindano, na nyama nyekundu, maini, figo na bia huiongeza. Wewe ukamjibu kwamba mboga ni za wanawake, ukataja morani wa Kimaasai. Morani huenda olpul, yaani kambi ya porini, kula nyama kwa kipindi, pamoja na supu ya magome na mizizi, kisha hurudi kwenye mwendo mrefu wa malishoni. Wewe unaketi ofisini kutwa.

Tena hayo hukuyatoa kwa Wamaasai. Uliyatoa kwetu, ambako Nyanya alifuga kuku asiowaonja, kwa kuwa mwanamke wa Kiluhya wa zama zake alikatazwa, na ambako imondo, yaani firigisi ya kuku, ilimngoja Baba hata akichelewa hadi usiku. Umesahau kwamba kuku alichinjwa mgeni alipokuja tu, na kwamba jioni nyingine zote Baba huyo huyo alikula mboga ya mrenda, akaomba kuongezewa.

Siku ile baada ya matanga ulikoroga mchuzi ukiitafuta imondo, ukaisukuma sahani, ukamwuliza Mama kama nyumba hii haina mwanamume tena. Ulikuwa na miaka 16. Mama akakuomba radhi, wewe uliyetoka tumboni mwake, na udongo wa kaburi la mumewe ukiwa bado mbichi. Sijaweza kulisamehe hilo.

Niliila mimi, jikoni, nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimewapikia waombolezaji tangu alfajiri bila kutia kitu kinywani, na sikukusudia kuchukua nafasi ya Baba. Ni kweli nilinyamaza ulipomfokea Mama, lakini nilikuwa na miaka 14, naye mwenyewe alinikazia macho nisiseme. Ningefanyaje?

Uinue mguu juu ya mto, Kaka, na unywe maji kwa wingi. Jumamosi nitakuja na mrenda na kunde, nikupikie kama alivyopenda Baba. Kuku tutamchinja ukipona, na imondo atakula Mama.