Lile kopo la kijani

Mombasa

Shoga yangu Mwanahamisi,

Barua imefika, na picha ya kile kiboksi cha vipimo pia. Nilicheka uliposema mumeo anadhani umeagiza rangi ya nywele. Niliporudia kusoma, kicheko kikakatika. Hulali, kikombe kinatetemeka mkononi, unasahau, na watoto wanakukimbia kwa ukali.

Kile kipimo cha mkojo cha "kemikali za ubongo" achana nacho. Nimekaa maabara miaka mingi, sijaona mkojo unaotoa habari za kichwani. Serotonini, mojawapo ya kemikali hizo, karibu yote mwilini hutengenezwa kwenye utumbo, na hiyo haivuki kuingia ubongoni. Watakupimia utumbo, kisha wakuuzie vidonge vya kutuliza akili.

Kupima metali nzito, kama zebaki, ni habari nyingine, hapo nakuunga mkono. Ila nywele unazotaka kukata zikapimwe zitasema zaidi zebaki ya samaki, na wewe umekulia papa na jodari. Ninayoihofia mimi ni zebaki ya krimu, na hiyo hutafutwa kwenye mkojo. Na mtu akikupa dawa ya "kuvuta sumu" umeze kabla ya kukojoa, kataa. Dawa hiyo humpandishia yeyote zebaki ya mkojo, halafu majibu yanalinganishwa na ya watu ambao hawakuimeza.

Ndiyo, nimesema krimu. Usinune. Kwenye picha, nyuma ya kiboksi, nimeliona kopo la kijani dirishani mwa bafu. Mkorogo. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, ndiyo maana uso hung'aa upesi, na ukiacha weusi hurudi, ukapaka tena. Huku nyuma inapenya, inakaa kwenye figo, inasumbua mishipa ya fahamu. Siwezi kukutibu kwa barua, lakini hayo uliyonihesabia yote yamo katika dalili zake.

Soma kopo. Ukiona "mercury", "calomel" au "Hg", basi, ndiyo zebaki hiyo. Kuna mengine huonya tu yasiguse dhahabu wala fedha. Hebu fikiria, bangili ihurumiwe, uso upakwe! Na lisilo na maandishi yoyote usiliamini. Mkataba wa Minamata, ule wa mataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwisho wa krimu zenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni kuwa mwaka 2020, na bado zinauzwa chini ya meza.

Lifunge kopo ndani ya mfuko wa plastiki, usilitupe kwenye taka, uende nalo kwa daktari umwambie wazi umepaka tangu lini. Huko kwako Minnesota, Marekani, idara ya afya inazijua krimu hizi. Kituo chao cha ushauri kuhusu sumu nacho hupokea simu usiku na mchana, bila malipo. Na watoto wapimwe, shoga, hata wasiopaka. Zebaki inahamia kwenye taulo, kwenye mito, kwenye mikono yako ukimpakata mdogo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu moja. Kopo lile nadhani nalijua. Nililinunua mimi, mawili, siku tulipokuwa tunajipamba kwa harusi ya Zuhura, moja nikakutia kwenye begi. Langu lilikwisha zamani. Jana nimepeleka mkojo wangu nami, majibu Alhamisi. Nitakupigia.

Wako,
Fatuma